Mbwa Aliyekata Njia

Al Mansoura, Doha
13 Septemba 2024

Kwako Babu,

Naomba goti likuruhusu kufika dukani kwa Paul, maana barua hii utaichukulia huko. Jeptoo, nesi anayefanya kazi na Mama, anakuja nayo likizo. Sisi huku ni wazima. Mama ana zamu za usiku wiki hii, kwa hiyo mchana nyumba nzima inanong'ona.

Ulisema nikuandikie kwa Kiswahili ili kisinitoke, na kwa kalamu ili nifikiri kabla ya kusema. Shuleni ni Kiingereza tupu, na mdomo wangu ni mzito kwa lugha zote mbili, unajua mwenyewe. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Baba bado yuko izba, yaani shamba la jangwani, mbele ya Lusail, anakotunza mbwa wa mzee wa hapa tunayemwita Abu Rashid. Babu, ungewaona ungedhani wana njaa. Ni wembamba, miguu mirefu, na masikio yana manyoya marefu kama nywele za mtu. Wanaitwa saluki. Zamani wenyeji walikuwa wakiwatumia kuwinda swala na sungura jangwani. Hawa wa Abu Rashid hawajawahi kuwinda chochote, ni wa mashindano tu. Wanalala kwenye chumba chenye kiyoyozi, wanakula nyama na tende, na asubuhi wanakimbia kando ya gari huku Baba akiwaita kwa majina. Siku ya mashindano gari linavuta swala wa bandia, ngozi iliyojazwa pamba, na mbwa wanamfuata kilomita mbili kwenye njia yenye kona tatu. Waamuzi wako pembeni kwenye magari yao wakitazama kila mbwa anavyokimbia.

Nilimwuliza Baba tofauti ya hawa na mbwa wako wa zamani. Akasema, "Wa babu yako aliulizwa jioni umeleta nini. Hawa wanaulizwa umekimbiaje." Halafu akaendelea kusugua bakuli.

Kuna mmoja wa kike, rangi ya mchanga, anaitwa Barqa. Baba amemlea tangu akitosha kuingia kwenye kofia. Tatizo ni kwamba Barqa kila mara anakuwa wa nne. Abu Rashid amesema akikosa tena kwenye mashindano ya Januari, hatamkimbiza tena. Siku hiyo Baba hakula.

Sasa jambo la aibu. Mwalimu alituuliza darasani wazazi wetu wanafanya nini. Nilisema Mama ni nesi. Kwa Baba nilisema ni mkufunzi wa mbwa wa mashindano. Sikusema anaokota mavi na kuosha vyumba vyao. Olivia, msichana ninayekaa naye, alilipenda sana hilo, na sasa kila siku ananiuliza mkufunzi atashinda lini. Babu, mimi si mtu wa kuulizwa vitu. Nina miaka mitatu hapa na yeye ndiye wa kwanza kulijua jina langu bila kulisoma kwenye daftari.

Wewe ulimfunzaje Kanini? Baba anasema hakujatokea mbwa kama yeye.

Mjukuu wako,
Melissa


Kibwezi
20 Oktoba 2024

Mjukuu wangu,

Barua yako imenikuta nimeinua mguu juu ya stuli kama mkubwa fulani. Goti ni lile lile, halijanihama. Mvua bado, tumepanda na sasa tunatazama juu. Nafurahi kwamba ninyi ni wazima. Mwambie mama yako apunguze hizo zamu.

Kanini alikuwa mdogo, mweusi, sikio moja limeraruliwa. Kwa mbio, mbwa wote wa hapa walimshinda. Lakini wale wakiona sungura walimfuata nyuma nyuma, akipinda wanapinda, mpaka aingie kichakani wabaki na ulimi nje. Kanini hakufuata. Alisimama kidogo, akatazama sungura anaelekea wapi, kisha akakata njia akamngoja mbele. Jioni yeye ndiye aliyekuwa na kitu mdomoni. Mara nyingi sungura. Siku nyingine digidigi, jambo ambalo sheria ilikwisha kulikataza, na mimi nilijua, nikala. Hilo nalo ni la aibu, ukitaka kujua kama uko peke yako.

Alifunzwa hivi. Unafunga ngozi ya mbuzi kwenye kamba. Mtu anakimbia nayo akikizunguka kichaka. Mbwa akifuata nyuma, hata akiifikia ngozi, hapewi kitu. Akikata kwa upande wa pili akakukuta mbele, anapewa nyama papo hapo. Haichukui siku nyingi. Na akishaelewa ameelewa, huwezi kumsahaulisha.

Lakini nisikilize. Mimi nilijua mbwa wa kuleta kitoweo. Huyo wenu anapimwa na watu waliokaa kwenye magari, na sijui wanachotaka. Kabla hujajaribu lolote, mwulize baba yako. Anajua mbwa kunishinda mimi, ingawa hatakwambia.

Na hilo la mavi lisikukoseshe usingizi. Mimi nimeokota ya ng'ombe miaka sabini, na wewe ulikuwa ukiomba kubeba ndoo.

Babu yako


Al Mansoura, Doha
14 Desemba 2024

Babu,

Pokea salamu za baridi. Ndiyo, hata huku kuna baridi, Mama amevaa soksi. Natumaini mvua ilikuja na mahindi yamesimama. Barua hii ninampa Levis, yule dereva wa kanisani kwetu, anakuja Krismasi.

Nimefanya. Kila Ijumaa Baba ananichukua twende izba, na baada ya chakula anaondoka na pikapu kuleta majani ya ngamia. Anachukua kama saa moja na nusu. Nilipata ngozi ya kondoo stoo nikaifunga kamba. Nilikimbia nikilizunguka banda la majani, Barqa nyuma yangu. Ijumaa ya kwanza alinifuata tu kama ng'ombe. Ya pili pia. Ya tatu nilisikia nyuma kimya, nikageuka hayupo, halafu nikamgonga mbele, amesimama ananingoja, na mkia unapiga. Nilimpa nyama yote niliyokuwa nayo. Jana ilikuwa ya nne na amekata kila mara. Kila mara, Babu. Nilicheka peke yangu jangwani mpaka ngamia wakageuka.

Mashindano ni tarehe kumi na nane Januari, Jumamosi. Olivia na mama yake watakuja kutazama. Barqa akikata kwenye kona ya pili, hakuna mbwa atakayemfikia.

Baba bado hajui. Nataka iwe zawadi kwake. Nitamwambia siku ikikaribia. Tafadhali usimwambie kwenye simu, maana akipokea huwa anaiweka sauti kubwa ili sote tusikie.

Mjukuu wako,
Melissa


Kibwezi
5 Januari 2025

Melissa,

Salamu nitazimaliza siku nyingine. Levis amenipa barua yako jana na anasema anarudi huko tarehe kumi. Nimemwomba akukabidhi hii mkononi.

Acha. Usimkimbize tena na ngozi hiyo. Nilikwenda kwa mwalimu Collins, yule aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu wa mbwa kule Nanyuki, nikamsomea ulivyoeleza. Amesema kwenye mashindano mbwa anayeacha njia anatolewa, na anayekamata kile kinachovutwa anaharibu mbio za wote. Akili ile ile tuliyomsifia Kanini, huko ni kosa.

Mwambie baba yako leo. Atakasirika, atapata njia, au hatamkimbiza. Ukimwambia kabla, ni makosa ya mtoto. Ukimwacha aone mbele za watu, sijui nitaliitaje.

Babu yako


Al Mansoura, Doha
26 Januari 2025

Babu,

Habari za huko. Sisi tuko salama. Mama anakusalimu.

Barqa hakushinda. Kulikuwa na upepo mwingi na vumbi. Shule imefunguliwa na kuna mitihani, kwa hiyo sitaandika kwa muda.

Mjukuu wako,
Melissa


Kibwezi
16 Februari 2025

Mjukuu wangu Melissa,

Nakuuliza hali na ninataka jibu, si ile karatasi ya mistari mitano. Mimi ninapumua. Mahindi yalikauka nusu, kunde zimetuokoa.

Baba yako alinipigia wiki iliyopita. Hakuweka sauti kubwa, nilijua kwa sababu sikuwasikia ninyi. Amesema mbwa alimshinda. Amesema Abu Rashid hakumfukuza kwa ukali, alimpa mshahara wake na mkono, akaajiri mtu mwingine. Sasa analinda ghala la vipuri kule Industrial Area, anaondoka hamjaamka. Akasema, "Labda nilimwachia kamba mapema, Baba. Labda sijui mbwa kama nilivyodhani." Nimemjua huyo tangu azaliwe na sijawahi kumsikia akisema hajui mbwa.

Jina lako halikutajwa.

Nina jambo la kukiri nami. Tarehe tisa Januari Paul aliniambia dukani kwamba Levis hasafiri tena, pasipoti yake ina matatizo. Nilijua barua yangu haitafika. Jioni ile nikampigia baba yako. Aliweka sauti kubwa, nikakusikia ukikohoa pembeni. Nikauliza kuhusu baridi. Nikauliza kuhusu soksi za mama yako. Nikakata simu. Ulikuwa umeniomba siri, na nilipenda kuwa mtu anayepewa siri na wewe. Mzee wa miaka yangu.

Niambie yote.

Babu yako


Al Mansoura, Doha
22 Machi 2025

Babu,

Natumaini unaendelea kupumua, na kwamba hujachoka nami. Mwili wangu hauna ugonjwa.

Levis amerudi. Jana kanisani alinipa bahasha yako ya Januari akacheka, "Pole dada, nimekuletea habari za mwaka mpya mwezi wa tatu." Niliisoma nimejifungia chooni. Umeandika acha. Lakini hata kama ingefika, sijui. Ile barua yako ya kwanza ilisema nimwulize Baba, na ile ilifika. Niliusoma mstari huo mara mbili nikauruka. Nilijua akisema hapana nitakosa ushindi wa kumwonyesha Olivia. Nilikuambia ni zawadi kwa Baba. Haikuwa zawadi kwake, Babu. Ilikuwa yangu.

Siku yenyewe hakukuwa na upepo. Hilo nalo nilidanganya.

Mbwa waliachiwa kumi na wawili. Mimi na Olivia tulisimama kwenye wavu. Barqa alikuwa wa nne kama kawaida. Kona ya kwanza akapinda na wenzake. Kona ya pili akainua kichwa. Nilijua kabla ya mtu yeyote. Akaacha njia, akapita katikati ya uwanja peke yake, na nitakwambia ukweli wote: nilifurahi. Kwa muda wa kama sekunde tano nilifurahi kuliko siku yoyote tangu tufike nchi hii. Watu waliokuwa karibu walianza kupiga makelele na nilidhani wanamshangilia.

Alimkuta yule swala wa bandia mbele, akamrukia shingoni. Kamba ikakatika. Mbwa wengine walikuja kwa kasi wakamwangukia, na mmoja mweupe, wa mtu mwingine, alibingirika akaumia bega mpaka akabebwa. Mbio zikasimamishwa. Barqa alitoka katikati yao na ngozi mdomoni, pamba inamwagika, akasimama akitazama watu mmoja mmoja. Alikuwa ananitafuta nimpe nyama.

Nilijificha nyuma ya Olivia.

Baba alikuja mbio, akamshika, akamleta kwenye pipa la maji, hatua tatu kutoka tulipokuwa. Alipiga magoti na ovaroli yake akaanza kumtoa mchanga mdomoni kwa kidole. Abu Rashid akafika. Hakupaza sauti. Aliuliza, "Kioko, nani amemfundisha huyu kukata?" Baba akasema, "Anayemtunza ni mimi." Abu Rashid akauliza tena, na Baba akasema vile vile. Mwamuzi akasema mbwa huyu hatakimbia tena popote.

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na Kiingereza na Kiswahili na Kiarabu kidogo cha shuleni.

Olivia akaniuliza, "Yule anayempangusa mbwa ni nani?"

Nikasema, "Mtunza mbwa."

Si uongo, na ndiyo sababu siwezi hata kusema nilidanganya. Nilisema kwa Kiingereza, lakini Baba anakijua Kiingereza. Kidole chake kilisimama kwenye meno ya Barqa. Halafu kikaendelea.

Hajaniuliza kitu tangu siku hiyo. Tunakula pamoja Ijumaa, ananipitishia chumvi. Juzi nilimsikia akimwambia Mama labda ni umri, labda mkono umeharibika. Nilikuwa mlangoni na glasi ya maji. Nikarudi nayo.

Barqa amefungwa kule izba. Hakuna anayemtoa.

Melissa


Kibwezi
27 Aprili 2025

Melissa, mjukuu wangu,

Bado ni mjukuu wangu, hujatia sahihi hivyo lakini mimi naandika. Goti limenipa nafuu kidogo tangu mvua ianze. Nakutakia nguvu.

Nimeisoma barua yako mara tatu na sitakukemea, kwa sababu umeshajikemea vizuri kuliko ninavyoweza. Wala sitamwambia baba yako kwa niaba yako. Nilipata nafasi ya kusema wakati kusema kungesaidia, nikauliza habari za soksi.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ndogo, nimeifunga kwa gundi. Ni ya Kioko. Nimeandika makosa yangu tu: kwamba niliombwa ufundi nikautoa bila kujua unakokwenda, kwamba nilijua na nikanyamaza, na jambo moja la zamani kuhusu Kanini ambalo nilikusimulia vibaya. Yako sikuyagusa. Lakini akiisoma atakuuliza, huwezi kuikwepa.

Unaweza kumpa. Unaweza kuitupa pia, sitafika Doha kuhakikisha. Jeptoo anabeba hii, naye hajui kilichomo.

Babu yako


Al Mansoura, Doha
31 Mei 2025

Babu,

Habari za goti na za mvua. Huku joto limeanza, ukishika kitasa cha mlango mchana unakiachia. Mama hajambo. Baba hajambo, nitafika kwake.

Bahasha yako ndogo ilikaa wiki mbili ndani ya kitabu changu cha kemia. Jana Ijumaa asubuhi Baba alikuwa anapiga pasi shati lake la ulinzi. Nilitaka kusema kitu kwanza, nilikuwa nimekipanga, lakini mdomo ulikataa, basi nikaiweka juu ya meza ya pasi. Akaona mwandiko wako. Akazima pasi. Alisoma amesimama, ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudia wa pili. Kisha akakaa kitandani akatoa sauti puani, sikujua kama analia.

"Ijumaa ngapi?" akaniuliza.

"Nne."

"Nne tu." Akatikisa kichwa. "Mimi na Kanini tulichukua wiki tatu, kila siku."

Sikuelewa. Akanisomea mstari wako, ule unaosema umewaambia watu maisha yako yote kwamba Kanini ulimfunza wewe, na kwamba aliyekizunguka kichaka na ile ngozi mpaka nyayo zikapasuka alikuwa Kioko, mtoto wa miaka kumi na miwili, na wewe ulikuwa umekaa kivulini ukitoa amri.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema.

"Alipoinua kichwa kwenye kona ya pili. Nilijiona mwenyewe na ile ngozi. Na kufundisha hivyo hakuna aliyejua hapa duniani ila watu wawili, na mmoja ana goti bovu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mdomo ulikuwa wako." Alianza kukunja karatasi zako polepole. "Kila Ijumaa nilikuwa nasema leo ataniambia. Nilikuwa nakupitishia chumvi nangoja."

Na yale maneno ya mkono kuharibika, Babu, alijua niko mlangoni. Alidhani nikisikia hivyo nitashindwa kuvumilia. Nilivumilia.

Nilisema yote hapo. Nilisema vibaya, nikichanganya lugha, lakini nilisema. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sasa vaa viatu. Mimi si wa kwanza unayepaswa kumwambia."

Levis alitupeleka izba kwa gari lake. Abu Rashid alikuwa amekaa nje ya hema na kahawa. Nilianza kwa Kiarabu cha shule, kikaniishia, nikamalizia kwa Kiingereza. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu aliye ndani ya ndoo. Nilimwambia ni mimi, nilimweleza ngozi na banda na nyama. Aliuliza nina umri gani, nikasema kumi na tano. Akasema marehemu baba yake alikuwa akiishi kwa mbwa wa kuwinda, wakati ule nyumba ilikula kile mbwa alicholeta, na kwamba mzee yule angetoa ngamia apate mbwa kama Barqa. "Lakini baba yangu hakuwa na waamuzi," akasema.

Kazi haikurudi. Mtu mpya yupo na anafanya vizuri, na Baba mwenyewe alisema si haki kumtoa. Barqa anakwenda kwa binamu yake Abu Rashid, ambaye bado anawinda msimu wa baridi. Tulimuaga. Nilikuwa na nyama kwenye karatasi, akaichukua kwa adabu, halafu akamlalia Baba miguuni. Tulipokuwa tunaondoka Abu Rashid alimshika Baba mkono, akasema, "Nilisema mkono wako umekosea. Haukukosea." Baba akaitikia kwa kichwa tu. Kwenye gari alitazama dirishani njia nzima.

Kwenye ngazi za nyumba nikasema, "Baba, na lile neno nililomwambia Olivia."

"Nililisikia."

"Samahani."

"Ulisema kweli. Nilikuwa mtunza mbwa, na nilikuwa mzuri."

"Wewe ni baba yangu."

"Hilo ndilo hukulisema," akasema, akafungua mlango.

Hakulitamka kwa hasira, Babu. Ningependa angelitamka kwa hasira.

Leo Olivia alikuja kuchukua kitabu cha kemia. Nilikuwa nimepanga kumwambia Jumatatu shuleni, pembeni, kwa sauti ndogo. Lakini kengele ililia nikiwa jikoni, na Baba ndiye aliyefungua, amevaa fulana na taulo begani. Nikatoka mbio. Nilisimama kati yao na unga mikononi. Olivia alikuwa ananitazama, na Baba alikuwa anatazama ukuta, ananipa nafasi ya kusema chochote nitakacho.

Nikasema, "Olivia, huyu ni baba yangu. Ndiye yule mtunza mbwa."

Olivia akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kwani hamjioni kwenye kioo? Mna uso mmoja." Akageuka kwa Baba, akamsalimia vizuri, akauliza yule mbwa wa rangi ya mchanga yuko wapi siku hizi, yeye alimpenda kuliko wote, kwa sababu ndiye pekee aliyefikiri.

Baba akamwambia aingie, chai iko. Sasa hivi ninapoandika wako sebuleni, na Baba anamweleza kuhusu mbwa mmoja mdogo mweusi, sikio limeraruliwa. Anaeleza kwa Kiingereza na mikono. Amefika mahali pa mtoto na ngozi.

Naiacha barua hapa nikamsikilize.

Mjukuu wako,
Melissa, binti ya Kioko